Gari Juu ya Matofali

Gari jeupe la kampuni lilikuwa limekaa uani bila gurudumu hata moja.

Lilikuwa limetulia juu ya matofali kama kuku anayelalia mayai. Inspekta alilizunguka mara moja, akalizunguka tena, kisha akachuchumaa kwa shida. Magoti yake yalikuwa yamestaafu kabla yake.

"Wamelivua viatu, Afande," alisema Koplo.

"Andika, usichekeshe."

Koplo akaandika. Alikuwa kijana mnene, mchangamfu, mwenye mwandiko mzuri na njaa isiyokwisha. Inspekta alimpenda kama kitinda mimba wake, ila hakuwahi kumwambia na wala hakuwa na mpango huo.

Uani palikuwa na bembea mbili, kamba za kuanikia zilizojaa shuka ndogo ndogo, na nyuma yake nyumba ndefu yenye bati jipya. Ilikuwa nyumba ya watoto wasio na wa kuwalea. Kwa miaka mingi serikali iliiendesha yenyewe, mpaka bati likaoza na mvua ikawa inaingia bila kubisha hodi. Ndipo ikatangaza zabuni, na kazi ya malezi ikakabidhiwa kampuni binafsi. Haki isemwe: kampuni ilibadilisha bati, ikaleta magodoro mapya na daktari anayekuja kila mwezi. Ila watoto iliwaita wanufaika, na kitanda cha mtoto ikakiita nafasi.

"Nani aliona kwanza?" Inspekta aliuliza.

"Mimi," alisema dereva, mkono kifuani. "Nimekuja asubuhi kuliwasha, nakuta hivi! Inspekta, gari hili nalipenda kuliko mashemeji zangu wote. Aliyefanya hivi hana utu."

"Una mashemeji wangapi?"

"Wananitosha."

Mlinzi aliapa kwamba lango lilifungwa usiku kucha. Kamera ya kampuni pale langoni ilimuunga mkono. Hakuingia mtu, hakutoka mtu, isipokuwa paka.

"Basi mwizi yumo humu," alisema Inspekta. "Na magurudumu yamo humu."

Alikuwa bado amechuchumaa. Pale lilipokuwa gurudumu la mbele, palining'inia kitu. Zilikuwa nati. Zilikuwa zimetungwa kwenye kamba ya kiatu kama shanga, na kamba imefungwa kwenye bolti kwa fundo la masikio mawili, ncha zake zimechomekwa ndani. Kwenye nafasi ya gurudumu la nyuma, vivyo hivyo. Upande wa pili pia.

"Koplo, ukiiba magurudumu, nati unazifanyaje?"

"Naondoka nazo, Afande. Au nazitupa."

"Huyu kazitunga. Kila gurudumu na nati zake, zisichanganyike. Huyu alitaka gari livae tena."

Koplo alikuna kichwa. Mwizi wa namna hiyo hawakumfundisha chuoni.

Mlalamikaji alikuwa meneja wa nyumba, mwanamume wa makamo mwenye ndevu zilizochongwa na tai iliyomkaba. Ofisi yake ilikuwa ndogo, imebanwa na maboksi makubwa ya sare mpya za kampuni. Kiti cha mgeni kilikuwa kimoja, kikachukuliwa na cheo. Koplo akakaa juu ya boksi, akaweka karatasi gotini.

"Gari lilikuwa liende wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kuhamisha wanufaika watatu."

"Watoto."

"Watoto watatu." Meneja alilegeza tai kidogo. "Ndugu wa tumbo moja. Dada mkubwa anakwenda nyumba yetu ya wasichana. Anayemfuata, wa kiume, nyumba ya wavulana. Yule mdogo, nyumba ya wadogo."

"Nyumba hizo ziko jirani?"

"Kila moja na mji wake."

"Kwa nini leo?"

"Nafasi zimepatikana leo."

"Na kesho kuna nini?"

Meneja alitazama meza. Kalamu ya Koplo ilisimama.

"Kesho mahakama ya watoto inasikiliza ombi la shangazi yao. Anataka kuwachukua wote watatu. Wakishahamishwa, hakimu wa hapa hana mamlaka nao tena. Shangazi ataanza moja, kwa mahakama tatu, miji mitatu."

"Hamkuweza kungoja siku moja?"

"Niliomba. Makao makuu wakakataa. Afisa wa ustawi wa jamii naye akasema mkataba unaruhusu."

"Si mngekodi gari jingine?"

"Mkataba unataka gari la kampuni, lenye bima ya kubeba watoto. Lingine liko mbali sana, haliwezi kufika leo."

"Mkataba umeukariri."

"Ndiyo kazi yangu, Inspekta."

Simu yake ililia. Alisikiliza, akaitikia, akaikata.

"Ni wao. Wanasema magurudumu yakipatikana leo, watoto wanaondoka leo leo. Hata jioni."

Inspekta alikunja uso. Katika miaka yake yote ya upelelezi hakuwahi kuomba ashindwe kazi. Asubuhi ile aliomba, kimoyomoyo, na akajionea aibu.

Lakini kazi ni kazi. Alimtuma Koplo apekue kila pembe. Koplo akapanda darini, akaingia stoo, akachungulia nyuma ya tangi la maji, akarudi na utando wa buibui kichwani na mpira uliopotea tangu enzi za bati bovu. Magurudumu hakuyaona.

Inspekta mwenyewe akaelekea nyumba ya watoto. Mlangoni alizuiwa na mwiko.

"Viatu, mwanangu."

Mwenye mwiko alikuwa mlezi mkuu, mama mfupi mwenye mvi, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Mkubwa. Alianza kazi pale akiwa msichana. Kampuni ilipoingia ilijaribu kumpumzisha. Watoto wakagoma kula, kampuni ikanywea.

"Mimi ni polisi, Mama."

"Polisi hawana miguu? Vua."

Inspekta akavua. Ndipo alipoliona kabati la viatu ukutani, refu, limejaa viatu vidogo vya kila rangi. Kila jozi ilikuwa imefungwa pamoja kwa kamba zake. Fundo la masikio mawili, ncha zimechomekwa ndani.

Aliinama kulitazama fundo moja kwa karibu.

"Hivi ni kwa nini?" aliuliza, kama mtu asiye na haja kubwa ya jibu.

"Visipotezane," alijibu msichana mmoja mwembamba aliyesimama wima na mikono nyuma. "Tuko wengi. Usipofunga, asubuhi unakuta kimoja tu."

Huyo ndiye dada mkubwa wa wale watatu. Walimpa jina la Wakili, kwa sababu wadogo zake wakikosea yeye ndiye aliyejibu kesi. Kando yake alikuwa mdogo wake wa kiume, aitwaye Swali. Nyuma ya sketi ya Wakili kulikuwa na jicho moja na mkono mmoja vya yule mdogo kabisa, Gundi, ambaye hakuna aliyehitaji kueleza jina lake lilitoka wapi.

"Wewe polisi kweli?" Swali aliuliza. "Mbona bibi? Bunduki iko wapi? Unakimbiaje?"

"Sikimbii. Wezi huwa wananisubiri."

Gundi alicheka, akajificha tena.

"Leo tunaondoka?" Wakili aliuliza.

"Sijui bado."

"Ukijua, niambie mimi kwanza. Hawa nitawaambia mwenyewe, polepole."

Inspekta aliahidi. Kisha akamfuata Mama Mkubwa jikoni.

Jikoni aliweka kamba moja ya nati mezani, mbele ya Mama Mkubwa. Mama aliitazama. Mwiko ukabaki hewani.

"Fundo hili unalijua?"

"Ni mimi," alisema Mama Mkubwa.

"Wewe nini?"

"Nimeiba mimi. Nifunge."

"Uliyatoa magurudumu manne mwenyewe?"

"Kwani mimi sina mikono?"

"Gari uliliinuaje?"

"Kwa jeki."

"Jeki inawekwa wapi?"

Mama Mkubwa alifikiri. "Chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya gari, mwanangu. Sasa ungeiweka juu?"

"Na magurudumu umeyaweka wapi?"

"Nimeyasahau. Nimezeeka."

Inspekta alijizuia kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Mama, unamficha nani?"

"Fundo hilo nimewafundisha watoto wote waliopita mikononi mwangu. Wametapakaa dunia nzima, wengine wana wajukuu. Sijui ni nani. Ila najua ni wangu," alisema Mama Mkubwa. "Ukimpata, kumbuka kwamba nimeshakiri mimi."

Koplo aliitwa, akayaandika hayo yote kama maelezo rasmi, na Mama Mkubwa akatia sahihi kwa maringo.

Inspekta alitoka, akakaa kwenye bembea. Ilimbana. Mwizi amelelewa hapa. Mwizi hakupita langoni. Basi ni mtu mzima aliyemo humu, ambaye hajasema kwamba aliwahi kuwa mtoto humu. Dereva, mlinzi, meneja, wote wanalala humu. Angeweza kuwauliza, wangemdanganya. Midomo huwa inajiandaa. Mikono haijiandai.

"Koplo, waite wote sebuleni kwa Mama Mkubwa. Sema nitawahoji kwa pamoja."

"Na wewe, Afande?"

"Mimi nitaingia wa mwisho. Magoti."

Alisimama kando ya mlango, akajifanya anasugua goti. Dereva alifika wa kwanza, akavua kwa kukanyagia visigino, akaviacha viatu vyake vikitazamana kama wagomvi. Mlinzi alivuta buti kwa nguvu, moja likabaki ukumbini, jingine likaruka mpaka kwenye maua. Koplo alivua taratibu kwa sababu soksi yake ilikuwa na tundu.

Meneja alikuja akibishana na makao makuu, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Nimewaelewa... Polisi bado wanachunguza... Siwezi kuwapandisha watoto hewani, ndugu yangu!"

Huku akisema, aliinama, akafungua kamba, akavua kimoja, akavua cha pili. Mikono yake ikaviweka sambamba, ikazikutanisha kamba, ikafunga masikio mawili, ikachomeka ncha. Kisha akaingia ndani akiendelea kubishana.

Inspekta aliviokota vile viatu. Alikuwa amempata mtu wake, na hakuona raha hata chembe.

Aliingia sebuleni na viatu vya meneja mkono wa kulia na kamba ya nati mkono wa kushoto, akaviweka mezani pamoja. Dereva alitazama, akaguna. Meneja alikata simu bila kuaga.

"Koplo," alisema Inspekta, "asubuhi ofisini ulikaa juu ya nini?"

"Boksi la sare, Afande."

"Sare ni nguo. Lilibonyea?"

Koplo alijishika kiuno. Uso wake ukabadilika polepole. "Hapana, Afande. Lilikuwa gumu kama jiwe. Nilidhani nimepungua."

"Nenda ukalifungue. Na la pili yake."

"Haina haja," alisema meneja. "Ni mimi. Yamo mawili mawili."

Dereva aliruka. "Bosi! Gari langu!"

"Nisamehe. Nilitumia jeki yako. Nimeirudisha ilipokuwa."

Lakini Mama Mkubwa hakuwa akitazama viatu tena. Alimsogelea meneja, akamshika kidevu, akamgeuza kuelekea dirishani. Alizifunika zile ndevu kwa kiganja chake, akabaki na macho.

"Popo," alisema. "Popo wangu, usiyelala!"

Meneja alijikaza, akashindwa. Alilia palepale, tai na yote, na Mama Mkubwa akamvuta begani kwake ingawa ilibidi yule bwana ainame sana.

"Mbona hukuniambia? Miezi yote hii unanisalimia kwa 'habari za kazi'!"

"Nitakuambiaje, Mama? Nimerudi na kampuni. Nilidhani nikiwa mimi ndiye meneja, mambo yatakuwa mengine. Kumbe meneja ni mtu wa kupokea simu."

"Na mdogo wako? Kitoto kile cha mapengo mawili? Yuko wapi?"

Popo alitikisa kichwa. Mama Mkubwa hakuuliza tena.

Simu ikalia mezani. Makao makuu. Wote wakaitazama kama nyoka. Wakili alikuwa amesimama mlangoni na wadogo zake, hakuna aliyejua tangu lini. Inspekta alimtazama yule msichana, akaichukua simu yeye mwenyewe.

"Ndiyo, yamepatikana... Hapana, hayafungwi leo. Ni vielelezo. Gari nalo ni eneo la tukio, haliguswi mpaka mtaalamu wa alama za vidole afike... Kesho, baada ya chakula cha mchana... Ndiyo, mtu amekiri. Tatizo ni kwamba wamekiri wawili. Nina watuhumiwa wawili kwa kosa moja, na maelezo yenye sahihi. Lazima alama za vidole ziamue... Mkitaka kuingilia uchunguzi wa polisi, niandikieni barua."

Alisikiliza kidogo, akairudisha simu mezani.

"Hawataandika," alisema. Kisha akamgeukia Wakili. "Nilikuahidi nitakuambia kwanza. Leo hamwendi popote."

Wakili hakusema asante. Alikaa chini sakafuni, ghafla, kama mtoto wa umri wake, na Gundi akamkalia mapajani.

Koplo alimnong'oneza Inspekta, "Afande, si unajua ni nani?"

"Najua. Alama za vidole hazijajua. Zungushia utepe gari."

Kesho yake hakimu aliwasikiliza wote, shangazi mtu akiwa amevaa gauni lake zuri na kutetemeka kama mshtakiwa. Wakili aliulizwa kama ana la kusema. Alikuwa nalo, na lilikuwa refu. Mwisho hakimu aliwakabidhi kwa shangazi wote watatu, chini ya uangalizi wa mahakama.

Mtaalamu wa alama za vidole alikuja baada ya chakula, akapaka unga wake, akasema alama zote ni za mtu mmoja na si za mama mzee yeyote. Mama Mkubwa alionekana kuudhika.

Magurudumu yalirudishwa na dereva na Popo. Swali alishika nati na kuuliza kuhusu kila moja. Hakuna hata nati moja iliyokosekana. Shangazi akapanda, watoto wakapanda, Mama Mkubwa naye akapanda, akidai anakwenda kukagua vitanda. Gari lile lile lililotumwa kuwatenganisha likatoka langoni likiwa na wote, dereva akipiga honi bila sababu.

Popo alibaki uani, mikono yake ina grisi. Tai hakuwa nayo tena.

"Wamenifukuza asubuhi," alisema. "Ni haki yao."

"Jalada nalipeleka kwa mwendesha mashtaka," alisema Inspekta. "Atauliza kama ulikusudia kutoyarudisha. Nitampelekea zile kamba nne, ajionee." Aliketi kwenye bembea, akamwonyesha Popo ile nyingine. "Sasa niambie lililobaki. Watoto hawa umewajua miezi michache. Mtu hatupi kazi yake kwa sababu ya mkataba mbaya. Kwa nini?"

Popo alikaa. Bembea ililia kidogo.

"Wakati ule haikuwa kampuni," alisema. "Ilikuwa serikali. Lakini gari lilikuwa jeupe vile vile. Walisema mimi naenda na wakubwa, mdogo wangu atafuata kwa gari linalokuja. Nikamwambia usilie, linakuja. Niliwaamini, Inspekta. Mimi ndiye niliyemtuliza akanyamaza, nikapanda, nikaondoka. Halikuja. Alipelekwa kwingine. Nilipokuwa mkubwa nilimtafuta, kila ofisi ikanirusha kwa ofisi nyingine, mpaka nikaingia kazi hizi nikidhani nitamtafuta kutokea ndani." Alijipangusa mikono kwenye suruali, akaichafua. "Nilipoagizwa nimwambie Wakili kwamba wadogo zake watafuata, mdomo ulikataa. Ndiyo nikaenda kutafuta jeki."

Inspekta alisogeza bembea yake karibu. Alitamani kumshika mkono, na safari hii hakujizuia, akamshika, grisi na yote.

Kisha akamwita Koplo.

"Fungua jalada jipya. Mtu aliyepotea."

"Tangu lini, Afande?"

"Tangu zamani. Kaa, andika vizuri." Akamgeukia Popo. "Mara ya mwisho ulipomwona, alikuwa amevaa nini?"

Popo alifumba macho. Hakuhitaji kukumbuka, picha ilikuwa ipo tu.

"Shati la buluu. Kaptura. Miguu mitupu."

"Hakuwa na viatu?"

"Alikuwa navyo. Alivining'iniza shingoni. Usiku wa kuamkia siku ile nilimfungia mimi, na fundo nililikaza mno. Hakuweza kulifungua."

Kalamu ya Koplo ilisita. Inspekta alimngojea, hakumharakisha.

"Andika," alisema kwa upole. "Hatujamaliza."